Kumwajiri Kiziwi na Kumwandalia Mazingira ya Kazi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri wa Tanzania mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi hesabu hiyo hutimia upesi. Kinachohitaji maandalizi ni siku ya kazi yenyewe, yaani namna mfanyakazi kiziwi atakavyozipata taarifa ambazo wenzake huzisikia bila hata kuzitafuta.

Anza na tangazo la kazi. Likiwa na namba ya kupiga simu tu, umekwisha kuwafungia mlango viziwi, kwa hiyo ruhusu pia ujumbe mfupi au WhatsApp, na utamke wazi kwamba mkalimani wa lugha ya alama atakuwapo kwenye usaili. Lifikishe pia kwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Ondoa sharti la ufasaha wa kuzungumza ikiwa kazi ni ya kushona, kutunza stoo au kuandaa hesabu.

Gharama ya mkalimani ni ya mwajiri, na ndugu wa mwombaji asifanywe mkalimani, maana ndugu huelekea kujibu kwa niaba yake. Mkalimani akae kando ya msaili, ili mwombaji awaone wote wawili kwa pamoja. Wewe mtazame mwombaji na umuulize moja kwa moja, “Ulifanya kazi wapi?”, badala ya kumwambia mkalimani, “Muulize alifanya kazi wapi.” Kazi ya mikono ipimwe kwa vitendo.

Jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote ni maandishi. Waajiri wengi hudhani kwamba karatasi na kalamu zinatosha, lakini Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na kwa kiziwi aliyekua nayo, Kiswahili ni lugha ya pili ambayo hakuwahi kuisikia. Wako wanaokiandika vizuri sana, na wako waliosoma katika madarasa ambayo mwalimu hakujua alama za kutosha. Sentensi yenye makosa haipimi akili ya mtu. Andika kwa ufupi, onyesha kwa mfano, kisha mwombe akuonyeshe alivyoelewa. Kuitikia kwa kichwa huweza kuwa adabu tu. Mkataba, hasa vifungu vya mshahara, likizo na kuachishwa kazi, ufafanuliwe kwa alama kabla ya kutiwa saini.

Wenzake nao wajifunze, na mwalimu anayefaa zaidi ni kiziwi anayelipwa kwa kazi hiyo. Salamu, namba, majina ya vifaa na maneno ya hatari ndiyo ya kuanza nayo. Mjini Iringa, katika mkahawa wa Neema Crafts, kituo cha kazi za mikono za watu wenye ulemavu kilichoanza mwaka 2003, wahudumu ni viziwi na wateja huandika wanachoagiza. Utaratibu mdogo kama huo umeondoa kikwazo ambacho wengi wangekiona kikubwa.

Katika mikutano, ajenda itolewe mapema na azungumze mtu mmoja kwa wakati. Mkutano mrefu unahitaji wakalimani wawili wa kupokezana, kwa sababu anayefasiri bila kupumzika huchoka na kuanza kuacha maneno. Usitegemee kusoma midomo, kwani sauti nyingi hazionekani mdomoni. King’ora cha moto kiambatane na taa inayomulika, na kila zamu iwe na mtu aliyepewa jukumu la kuhakikisha kwamba mwenzake ametoka, hata aliyeko msalani au stoo.

Mwenye usikivu hafifu ana mahitaji tofauti, na mara nyingi huficha hali yake kwa kuogopa kupoteza kazi. Muulize faraghani ni sikio lipi linalosikia vizuri zaidi, kisha mpangie kiti mbali na jenereta au feni. Zungumza naye ukimkabili, bila kupiga kelele, kwa kuwa kupaza sauti huharibu umbo la maneno na huenda kukamuumiza anayetumia shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia.

Hatimaye, kikao cha nidhamu kisifanyike kamwe bila mkalimani ambaye mfanyakazi mwenyewe amemkubali. Vivyo hivyo nafasi za mafunzo na za kupandishwa cheo: atangaziwe siku ileile wanayotangaziwa wenzake, kwa lugha anayoielewa.