Kabla hujaigusa GTO: kulitazama na kuling'arisha gari la zamani la Kimarekani

Ukitaka kuyaona kwa wingi magari haya ya zamani ya Kimarekani yenye injini kubwa, yale wanayoyaita muscle car, njoo Michigan mwezi wa nane. Jumamosi ya tatu ya Agosti barabara ya Woodward, ile inayotoka katikati ya Detroit kwenda kaskazini, inageuka uwanja wa maonyesho kuanzia Ferndale hadi mji wa Pontiac. Woodward Dream Cruise ilianza 1995 kama harambee ya kuchangia uwanja wa mpira pale Ferndale. Siku hizi watu wanabeba viti na vyakula vyao, wanapanga safu kando ya barabara tangu asubuhi. Mimi wiki ile silali vizuri, kwa sababu kazi yangu ni kuyasafisha na kuyang'arisha magari hayo, na wenyewe hukumbuka kunipigia simu dakika za mwisho.

Waswahili wenzangu wa huku wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huanza na swali la dawa: unatumia nta gani, unatumia mashine gani? Huwa nawarudisha nyuma. Dawa utazinunua dukani. Jifunze kwanza kuangalia, maana gari lililofufuliwa lina rangi, kromu na mapambo yasiyofanana na ya Toyota yako, na ukiharibu kipande huendi kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta kingine.

Magari yenyewe ni yapi? Chukua bodi ya ukubwa wa kati yenye milango miwili, ipachike injini ya V8 iliyotengenezwa kwa ajili ya magari makubwa, kisha iuze kwa bei ambayo kijana mwenye ajira anaweza kuilipa kidogo kidogo. Wengi huhesabu kuanzia Pontiac GTO ya 1964. Wakati huo mhandisi mkuu wa Pontiac alikuwa John DeLorean, na timu yake ilichukua injini ya inchi za ujazo 389, karibu lita 6.4, ikaiingiza kwenye Tempest LeMans kama nyongeza ya hiari. Nguvu zilikuwa farasi 325, au 348 ukichukua ile yenye kabureta tatu. Wengine wakafuata: Chevrolet Chevelle SS, Dodge Charger R/T, na Plymouth Road Runner ya 1968 yenye honi inayolia kama yule ndege wa katuni. Kilele kilikuwa 1970, Chevelle yenye injini ya 454 aina ya LS6 ikiandikwa farasi 450. Baada ya hapo zikaja sheria za moshi, bima ikapanda, na 1973 mafuta yakaadimika.

Sasa tusogelee gari. Kama ni la 1968 au baada ya hapo, chungulia kupitia kioo cha mbele upande wa dereva: namba ya chasi iko juu ya dashibodi. GTO za 1966 hadi 1971 zinaanza na 242. Ikianza na 237, hiyo ni LeMans iliyovalishwa beji. Kwenye Dodge na Plymouth fungua boneti, kwenye madigadi ya ndani utakuta kibati kidogo chenye misimbo. Ukisoma FC7 ujue liliondoka kiwandani na ile zambarau kali, Dodge waliiita Plum Crazy, Plymouth wakaiita In-Violet. Haya yanakuhusu hata kama wewe ni mtu wa ndoo na kitambaa. Mwenye 242 halisi anataka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na sehemu ambazo hazikuwahi kung'aa. Mwenye LeMans iliyovalishwa beji mara nyingi anataka ing'ae tu, basi. Hizo ni kazi mbili tofauti na bei mbili tofauti.

Zunguka gari bila kuligusa. Chuchumaa kwenye kona ya nyuma, tazama ubavu wote hadi taa ya mbele, fuatilia kivuli cha uzio au cha nguzo za umeme kwenye rangi. Mstari ukiyumba, hapo pana puti ya kuzibia mabonde au bati halikunyooshwa vizuri. Angalia nyuma ya magurudumu ya nyuma, sakafu ya buti, na chini ya kioo cha nyuma ikiwa paa limefunikwa vinyl, kwa sababu maji hujificha pale na kuozesha bati taratibu. Michigan wanamwaga chumvi barabarani msimu wote wa theluji, na chini ya Detroit yenyewe kuna mgodi wa chumvi, zaidi ya futi 1,000 kwenda chini. Aliyekulia Tanga kama mimi hahitaji kufundishwa chumvi inafanya nini kwenye bati.

Upenyo wa milango nao una hadithi. Magari ya miaka ile hayakuunganishwa kwa unyoofu wa leo. Ukikuta upenyo kati ya mlango na madigadi uko sawasawa kama umepimwa kwa rula, fundi wa bodi amekesha. Watu wanashangilia, lakini kwangu mimi hapo wamezidisha. Napenda zaidi lile ambalo bado linaonyesha haraka ya kiwandani.

Adabu ni fupi. Usiegemee. Bizimu ya mkanda, pete na begi vyote vinakwaruza. Mtoto mwenye aiskrimu asogezwe pembeni. Na usianze na bei. Uliza nani alipiga rangi, halafu sikiliza.

Tukifika kwenye rangi, hapo ndipo wengi wanapoharibu. General Motors, wenye Pontiac na Chevrolet, miaka ile walipiga laka ya akriliki, Ford na Chrysler, wenye Dodge na Plymouth, wakapiga enameli, na zote zilikuwa rangi tupu bila koti la uwazi, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Magari mengi yaliyofufuliwa leo yamepigwa rangi kisha koti la uwazi, lakini wapo wenye msimamo waliorudia utaratibu wa zamani. Macho peke yake hayatoshi kutofautisha. Chukua kitambaa cheupe, tia tone la polishi laini, sugua sehemu ndogo isiyoonekana, kwa mfano ukingoni mwa mlango kwa ndani.

Mpwa wangu, aliyekuja kunisaidia majira ya joto, nilimpa kitambaa hicho kwenye GTO nyekundu. Alisugua mara moja, akakigeuza, akaruka nyuma.

"Mjomba, inatoka rangi!"

"Ndivyo inavyotakiwa. Hiyo haina koti juu. Ikiwa kitambaa kinabaki cheupe, unang'arisha koti. Kikiwa chekundu, unaondoa gari lenyewe."

Tangu hapo alikuwa akisugua kama anamnyoa bwana harusi, na ndio mkono ninaoutaka. Rangi ya aina hii ukiipitia kwa mashine, kila mzunguko unapunguza rangi ileile inayoonekana. Ziba kwa utepe kingo zote na mikunjo ya bodi, kwa kuwa huko rangi ni nyembamba kuliko kwingine. Ukiwa na kipimo cha unene, rangi ya kiwandani huwa karibu maikroni 100 hadi 150, na iliyopigwa upya mara nyingi huzidi. Namba ikiruka ghafla kupita 1,000, chini yake kuna puti.

Kuosha kwenyewe hakuna siri: kivulini, bodi ikiwa imepoa, ndoo mbili, moja ya sabuni ya gari na nyingine ya kusuuzia glovu, kutoka juu kwenda chini. Bomba la presha liweke mbali na mipira ya milango. Mipira ya muundo wa zamani inavuja na zulia likilowa halikauki leo wala kesho. Maji pia hujificha nyuma ya beji na vipande vya mapambo, halafu yanachuruzika ukishamaliza. Tumia kipulizia hewa. Baada ya hapo pitisha ule udongo laini wa kunasa uchafu ukiwa na utelezi wa kutosha, na ukikudondoka chini utupe, usiufute. Usiupitishe juu ya michirizi ya stika, kama ile ya GTO Judge ya 1969.

Mashine iwe ile inayozunguka huku inayumba, na sponji laini. Anza na polishi dhaifu kuliko zote kwenye eneo la viganja viwili, mulika kwa tochi, uone kama inatosha. Ikitosha usipande daraja. Malizia na nta ya carnauba, tabaka jembamba. Zipo dawa za kisasa zinazodumu zaidi, lakini kwenye rangi ya zamani bado sijaona kitu kinachotoa kina kama nta.

Kwenye vyuma beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Bampa la chuma lililopakwa kromu litaivuta. Vidoa vya kutu juu yake vinatoka kwa kipande cha foili ya jikoni iliyoloweshwa maji, kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromu. Sugua polepole, futa, paka nta. Fremu za madirisha mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu, hizo zinakubali polishi ya vyuma. Hatari iko kwenye grili na mapambo ya alumini yenye utando wa kinga uliowekwa kiwandani. Polishi ya vyuma inaula utando huo, na kipande kinabaki na mabaka ya ukungu yasiyorudi. Hapo ni maji na sabuni tu. Beji za zinki zikishatoboka vishimo, hakuna polishi itakayovijaza. Mwambie mwenyewe ukweli kabla hujaanza kazi.

GTO ya 1968 ina mtego wake. Bampa la mbele, walilolipa jina Endura, si kromu. Ni plastiki yenye kunepa iliyopakwa rangi ya bodi. Joto la mashine linaweza kuipasua rangi pale. Fanya kwa mkono.

Injini usiipige maji. Funika kabureta, distributa, koili na alternata, tumia brashi na dawa ya grisi iliyozimuliwa, kisha futa. Blok ya Pontiac ni ya buluu, ya Chevrolet chungwa, na usishangae manifoldi za ekzosi kuwa na kahawia ya kutu, ni chuma cha kusubu kisichopakwa rangi. Ukiona alama za chaki au vidoa vya rangi kwenye ule ukuta wa bati kati ya injini na dereva, mikono mbali! Wakaguzi wa kiwandani waliweka alama kama hizo, na mwenye gari huenda amelipa fundi azirudishe moja moja. Msaidizi mwenye bidii anaweza kuzifuta kwa kitambaa kimoja.

Ndani, viti vya vinyl vinataka brashi laini na sabuni hafifu. Dawa za kung'arisha za silikoni achana nazo. Zinafanya dashibodi ing'ae kama samaki aliyetoka majini, na kioo cha mbele kinajaa mng'ao unaoumiza macho.

Tairi zenye mstari mwekundu au mweupe zisafishe kwa brashi na sabuni, na dawa ya kuipa mpira weusi isiguse mstari, itaufanya uwe wa kahawia.

Oktoba ikifika, magari haya huingia ndani hadi chumvi iishe barabarani. Osha, kausha, jaza tangi, weka dawa ya kuhifadhi mafuta, chomoa betri, ziba mdomo wa ekzosi panya wasiingie. Kifuniko kiwe cha kitambaa kinachopumua, na kisiwekwe juu ya vumbi hata siku moja. Mteja akileta turubai la plastiki kwa sababu lilikuwa na punguzo, mrudishie mkononi.