Mbio za baiskeli na majukumu ya nyumbani: mpango wa saa 6 kwa wiki

Anza na ratiba ya nyumbani. Kaa na mwenzako mwandike kwanza yasiyoguswa: watoto kwenda shule, maji, soko, ibada, shamba. Kinachobaki ndicho cha baiskeli. Saa 6 kwa wiki zinatosha kumwandaa mtu mwenye kazi na familia kwa mbio za kilomita 60 hadi 80, ila kila saa iwe na kazi yake.

Jumanne ni saa 1 ya mlima. Wakazi wa Mbeya hawana haja ya kwenda mbali, maana barabara ya Chunya huanza kupanda kuelekea Kawetire ukitoka tu mjini. Pasha mwili dakika 15. Panda dakika 6 kwa nguvu ambayo hukuruhusu kutamka maneno matatu tu kwa pumzi moja, shuka taratibu dakika 4, rudia mara 4. Alhamisi endesha saa 1 na nusu bila kuhema, na Jumamosi saa 3. Nusu saa iliyobaki ni ya kusafisha baiskeli.

Angalia jua. Juni na Julai huku kwetu Mbeya huchomoza karibu saa 1 asubuhi, kwa hiyo anayetoka saa 11 alfajiri anaendesha gizani, na barabara kuu ya Tunduma ina malori usiku kucha. Bila taa mbele na nyuma, hamishia mazoezi jioni, saa 10 na nusu hadi 12.

Wengi huharibikia msimu wa kupanda mahindi, Novemba na Desemba. Siku ya jembe ihesabu kuwa siku ya mazoezi magumu. Ukilima asubuhi na kupanda mlima jioni, unachosha mgongo na mapaja yaleyale mara mbili. Pima mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa 7 hadi 10, pumzika siku hiyo.

Usipikiwe chungu cha peke yako. Viazi mviringo, au ugali na maharage ya familia, vinatosha kabisa; kula saa 3 kabla ya kuondoka. Kwa safari ya Jumamosi beba ndizi mbivu 3 na kinywaji: maji lita 1, sukari vijiko 10 vya chai, chumvi robo kijiko. Ukizidisha sukari, kinywaji hukaa tumboni na kuleta kichefuchefu. Kijaribu mazoezini, kamwe si siku ya mbio.

Cheni ndiyo inayokula pesa za nyumba. Isugue kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, ikauke kabisa, kisha tone 1 la oili kila kiungo, na ufute nje yote. Oili ikibaki nje hushika vumbi na kusaga chuma kama msasa. Ipime kwa rula: kutoka katikati ya pini moja, pini ya 24 baada yake iangukie inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na 1/16, badilisha mara moja. Ukingoja, meno ya kaseti (gia za gurudumu la nyuma) huchongoka na utanunua vyote viwili, kwa pesa ambayo huenda ilikuwa ya ada.

Pancha ndiyo huchelewesha watu kurudi Jumamosi. Beba tyubu 2 nzima na pampu. Kiraka na gundi viwe akiba, kwa sababu kuziba na kungoja gundi ikauke hula muda mwingi kuliko kubadilisha tyubu. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote hadi uupate mwiba. Usipoutoa, tyubu ya pili nayo itatoboka kabla hujafika mbali. Piga simu nyumbani kabla hujalishika gurudumu.