Kibanda cha mama ntilie usichokijua: unakaa au unapita?

Hii ni kwa aliyehamia mtaa mpya hapa Dar, au umeenda zako Tandika kufuata mzigo njaa ikakubana, mbele yako kuna kibanda, mabenchi mawili, turubai la bluu, harufu ya vitunguu inakuita na hujui ukae au upite. Wengi wanaanza kuangalia meza. Meza si unafuta tu na tishu unaendelea. Cha kuangalia ni chakula kimekaa muda gani, maji yao yakoje, na mkono wa anayepakua umetoka wapi, na hicho cha kwanza ndo kinaangusha watu wengi kwa hiyo ntakaa nacho kidogo.

Jiulize saa hizi ni saa ngapi. Mama ntilie wengi chakula cha mchana kinakuwa tayari kwenye saa tano na nusu hivi, halafu saa sita mpaka saa nane watu wanamiminika na masufuria yanashuka chap. Ukifika muda huo, hata kibanda kisichovutia unakuta unakula kitu kimetoka jikoni sasa hivi. Ukifika saa kumi ni stori nyingine kabisa, wali uko kwenye sufuria tangu mchana, mkaa umebaki majivu, wali wenyewe sio wa moto sio wa baridi, na huo uvuguvugu ndo mbaya kuliko vyote. Kuna bakteria wa kwenye mchele ambao mbegu zao hazifi hata wali ukichemka, wakipata uvuguvugu masaa kadhaa wanazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo ukipasha haitoki. Kwa hiyo ile ya "si ameupasha bwana" kwenye wali haikusaidii kitu. Wali ukipakuliwa utoe mvuke, kama hautoi agiza ugali, maana ugali wengi wanasonga kidogo kidogo kadiri watu wanavyokuja.

Namna ya kuuliza nayo ina ufundi wake. Ukiuliza "chakula ni cha leo?" unategemea ajibu nini, kwamba ni cha juzi? Msalimie kwanza, shikamoo mama, afu uliza "kipi kimetoka sasa hivi?" au "ugali unasonga tena saa ngapi?" Akikwambia "subiri dakika kumi mwanangu maji yanachemka", kaa hapo hapo. Akianza kukutajia kila kilichopo kwa mpigo na vyote eti vimetoka sasa hivi, mmh.

Maharage angalia juu ya sufuria. Ukiona vipovu vyeupe vidogo vidogo vinapanda na chini hamna moto, hayo yameshachacha, na yakiwa ya nazi yanawahi zaidi. Pua nayo itumie, usione aibu.

Na orodha ndefu isikuvutie. Kibanda cha mama na msaidizi mmoja kina pilau, biriani, makange, ndizi nyama, mchemsho na kuku wa aina tatu, muda wote vipo, sasa hivyo vyote vinapikwa saa ngapi na vinalala wapi visipoisha? Mi napenda penye vitu vitatu vinne na vinaisha. Ukiambiwa "samaki wameisha kaka" hiyo ni habari nzuri, rudi kesho mapema.

Kuhusu samaki wa kwenye kabati la kioo. Aliyekaangwa leo ngozi yake inang'aa kidogo na ukimbonyeza na uma nyama inaachia kwa mapande. Aliyerudishwa kwenye mafuta mara ya pili ya tatu anakuwa mweusi mweusi, mkavu, mapezi yanavunjika kama njiti. Vibua na jodari ndo wa kuwa nao makini zaidi, wakikaa joto kabla ya kupikwa wanatengeneza kitu kinachoitwa histamini, na hicho hakiondoki hata ukaange mpaka kesho. Ukiona unakula kibua ulimi unawasha kama umelamba pilipili na pilipili hujaweka, acha papo hapo, la sivyo baadaye uso unakuwa mwekundu, unawasha, na kichwa kinagonga. Ukibanwa kifua au pumzi usisubiri, hospitali.

Sasa kuna ushauri kila mtu anao, "kula penye watu wengi". Nusu yake ni kweli, watu wengi maana yake sufuria inaisha. Ila angalia ni watu gani na kwanini wako pale. Mafundi wa saiti ya jirani wanaweza kujaa mahali kwasababu tu mama ana daftari, anawakopesha wanalipa Jumamosi wakishapokea posho, hapo hata maharage yakiwa na mawe wataenda wapi? Bodaboda na makonda ni ushahidi mzuri zaidi, hao wanazunguka mji mzima na wanalipa keshi, wakipaki wote kwenye kibanda kimoja na wamepita vingine vitano njiani, fuata hao.

Afu zunguka kidogo nyuma ukaone vyombo vinaoshwaje, jifanye unatafuta pa kunawa. Kawaida kuna mabeseni mawili au matatu. La povu likiwa chafu sio kesi, ndo kazi yake. We angalia la kusuuzia la mwisho, kama maji yamekuwa ya maziwa, juu kuna duara za mafuta na punje za wali zinaelea, basi sahani yako inatoka mule mule na inakuja mezani ina matone. Sahani za plastiki ngumu zilizochubuka mistari mistari ya visu nazo sio nzuri, uchafu unaingia humo na hautoki kirahisi.

Pa kunawia: ndoo yenye koki na sabuni, poa. Beseni moja watu wote wanachovya, hapana, na kwa Dar hii sio suala la kuringa, kipindupindu kilipolipuka hapa Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi mpaka Zanzibar, na ugonjwa huo unapita kwenye maji na chakula kilichoguswa na mikono yenye kinyesi. Maji ya kunywa ya kwenye jagi yaache kama humjui aliyeyachemsha, nunua chupa usikie kizibo kinakatika mwenyewe. Kachumbari ndo inaponza waliokula vizuri vingine vyote, ni mbichi, imeoshwa kwa maji usiyoyajua na imekatwa kwenye kibao usichokiona. Mara ya kwanza mahali popote mi nasema "mama usiniwekee kachumbari", pilipili ya kupikwa inatosha.

Mkono: anayepakua ndo anapokea hela? Noti ya buku imepita mikono ya mji mzima, afu mkono huo huo unashika chapati. Penye binti wa kukusanya hela na mama anabaki na upawa wake, na masufuria yamefunikwa au kuna kawa juu ya chapati, hapo kuna mtu anayejua anachofanya. Inzi mmoja wawili mtaani utawakuta tu, wakiwa ukoo mzima juu ya nyama isiyofunikwa, pita.

Chipsi ni fupi: angalia mafuta kwenye karai. Yakiwa meusi, mazito, yanatoa povu na moshi unaokuumiza macho, nenda kwa mwingine, hawakosekani.

Bei uliza kabla hujakaa, na uliza na nyama ngapi, ukishaanza kula huna tena nguvu ya kubishana.

Kama bado huna uhakika agiza kidogo, chai na chapati ya moto asubuhi, au supu inayochemka unaiona, uone wanavyohudumia. Na ukitaka kuondoka usitoe lekcha ya usafi mbele ya wateja wake, pokea simu ambayo haijaita, "mama narudi sasa hivi", anaelewa na wala hakasiriki.

Ikitokea umeshakula na tumbo limechafuka, cha kwanza ni maji: lita moja safi, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, unakunywa kidogo kidogo. Ukiharisha maji matupu kama yaliyooshewa mchele, au kuna damu, au mkojo umekata, endelea kunywa hayo huku unapelekwa kituo cha afya, usingoje mpaka asubuhi.