Kuchagua Shahada ya Uzamili ya Hisabati ya Fedha Ukitokea Biashara

Mhitimu wa biashara au uhasibu anayetaka kuingia katika hisabati ya fedha, fani inayotumia hesabu kukadiria bei na hatari za uwekezaji, aghalabu huanza kwa kupekua orodha za vyuo bora, ilhali kitu cha kwanza kupekuliwa ni daftari lake mwenyewe la hesabu. Katika shahada ya biashara alifundishwa kuweka namba ndani ya kanuni na kusoma jibu; huku anakokwenda ataulizwa kanuni yenyewe ilitoka wapi. Chukua kanuni ya Black na Scholes ya mwaka 1973, inayokadiria thamani ya haki ya kununua hisa siku za usoni kwa bei iliyopangwa leo. Ikiwa unaweza kuitumia lakini huwezi kueleza kwa nini ndani yake mna logi (logariti) ya bei, umekwisha kujua mahali pa kuanzia.

Mapengo yanayowakwamisha watu wa biashara ni yaleyale: kalkulasi ya vigeu vingi, matriki, nadharia ya uwezekano inayokwenda mbali kuliko mifano ya kete na sarafu, na kuandika programu kwa Python au C++. Yanazibika, lakini yazibe kwa kozi zenye mtihani na matokeo yaliyoandikwa, kwa kuwa kamati ya udahili haina namna ya kupima video ulizotazama usiku. Chuo cha Baruch, jijini New York, kimekuwa kikiendesha masomo ya maandalizi ya namna hiyo. Vinginevyo, uliza idara ya hisabati ya chuo kilicho karibu nawe kama inapokea wanafunzi wa kozi mojamoja. Mtihani wa GRE, ambao baadhi ya vyuo huutaka kwa udahili wa uzamili na ambao sehemu yake ya hesabu ina alama ya juu ya 170, unapima hesabu za kiwango cha sekondari, hivyo hata alama zote hazitathibitisha kwamba unajua kalkulasi.

Ukishajipima ndipo usome mitaala, na hapo usiamini majina. Uhandisi wa fedha, hisabati ya fedha na fedha za kikokotozi (yaani za kukokotoa kwa kompyuta) mara nyingi ni ndugu wa karibu, lakini shahada nyingine hujiita ya kihisabati huku nusu ya kozi zake zikiwa za kuthamini kampuni na kuchambua hesabu za mwaka. Hiyo ni shahada ya fedha ya siku zote iliyovishwa kanzu mpya. Si mbaya, na kwa mtu anayelenga ushauri wa uwekezaji huenda ikamfaa zaidi, ila asilipie kile asichopewa.

Tazama pia muda. Shahada ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, ya fedha za kihisabati na kikokotozi huchukua miezi 10, muda usioacha nafasi ya kuziba pengo njiani, ilhali ile ya fedha za kikokotozi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, huchukua miezi 16. Kwa anayetaka kubaki Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi hufundisha fani hii kupitia taasisi yake ya sayansi za hisabati.

Mahali utakapofanyia kazi pana uzito kuliko sifa ya chuo. Soko la Hisa la Nairobi lilifungua sehemu yake ya mikataba ya bei za baadaye, yaani ya kununua au kuuza siku za usoni kwa bei iliyokubaliwa leo, mwaka 2019 tu, kwa hiyo anayerudi nyumbani atahitaji zaidi takwimu, upimaji wa hatari za mikopo na hesabu za bima na pensheni kuliko ukokotoaji wa mikataba tata. Anayetaka kubaki Marekani kwa muda aulize chuo kama shahada yake imesajiliwa kwenye kundi la sayansi na hisabati, kwa kuwa kanuni za huko humpa mhitimu miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yake, na walio katika kundi hilo huweza kuomba 24 zaidi.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mwandikie mratibu wa shahada umuulize ni wanafunzi wangapi wa darasa lililopita walitoka biashara, na walikuwa wamesoma hesabu zipi. Akikujibu kwa maneno ya jumla, watafute wahitimu uwaulize wenyewe.