Mtu anayelala nje akikuomba: jinsi ya kutoa chakula au pesa ikamfaa

Kazi yangu ni kusafisha vidonda. Wengi ninaowahudumia hawana makazi, na miguu yao inaeleza hivyo kabla wenyewe hawajasema: ngozi nyeupe iliyokunjamana kwa kukaa kwenye soksi zenye maji, kisigino kilichopasuka hadi damu, mchubuko mdogo wa kiatu uliogeuka kuwa shimo. Kubadilisha bandeji vizuri kunachukua muda, na katika muda huo tunazungumza. Wananieleza nani aliwapa nini, kipi kiliwafaa, na kipi walikipokea kwa sababu ya kuona aibu kukikataa, wakaenda kukitupa kona ya pili.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama hapa: kiasi cha kutoa ni uamuzi wako, na uufanye ukiwa nyumbani umetulia. Kitu cha kutoa, muulize yeye. Anayelala nje anaujua upungufu wake kuliko mimi na wewe tunaopita.

Panga kabla hujatoka

Ukiombwa ghafla, una haraka na watu wanakutazama, utatoa kwa aibu au utanyima kwa hofu, na baadaye hutaridhika na lolote kati ya hayo. Chagua kiasi cha mwezi ambacho kikiisha hakitagusa kodi yako wala ada ya mtoto. Kigawe katika noti ndogo na sarafu, ukitenge mbali na pochi yenye kadi na vitambulisho. Hapo hutakuwa na haja ya kufungua pochi hadharani, wala ya kumwogopa mtu ambaye hajakutishia. Kikiisha, kimeisha. Mwezi ujao upo.

Kama unapita njia moja kila siku, ningekushauri sehemu kubwa uielekeze kwa mtu mmoja au wawili unaowaona mara kwa mara. Ukirudi kwa mtu yuleyule utakuja kujua kwamba dawa zake za presha zimekwisha, au kwamba kinachomkwamisha ni kitambulisho kilichoibwa na hana wa kumsindikiza ofisini kukiomba upya. Kumsindikiza mara moja kunaweza kumfaa kuliko sarafu za mwaka mzima.

Mkaribie, msalimie, muulize

Usimwamshe aliyelala usingizi ili umpe kitu. Anayelala nje halali moja kwa moja. Akiguswa bega gizani anaweza kuamka akijitetea. Aliye macho mwendee kwa mbele, akuone unakuja. Kama ameketi, chuchumaa hatua mbili mbali naye ili msemezane uso kwa uso, bila kumziba njia. Salamu iendane na umri wake: mzee ni mzee, mama ni mama, hata kama godoro lake ni boksi. Mwambie jina lako. Kisha: “Naweza kukusaidia kidogo leo. Unahitaji nini zaidi?”

Nimesikia watu wakitaja miwani ya kusomea, mahali pa kuchaji simu, pedi, wembe wa kunyolea kabla ya kwenda kuulizia kazi, maji ya kumpa mbwa. Mmoja alitaka tu mtu wa kumlindia mizigo aende chooni. Usingeweza kuyakisia hayo. Na akisema anahitaji pesa, mwamini.

Kama huna, au leo hutaki kutoa, mtazame umwambie: “Samahani kaka, leo sina.” Inatosha. Kunyimwa wamekuzoea, kinachowaumiza, wananiambia, ni mtu kugeuza uso kama hakusikia. Ila usiseme “nitarudi” kama hurudi. Atakusubiri, na akikusubiri anaikosa foleni ya chakula au ya kitanda cha usiku huo.

Pesa

Swali ninaloulizwa sana na ndugu na marafiki ni kama pesa haitaishia kwenye pombe. Kwa baadhi itaishia huko. Kwa wengi ina kazi ambazo huwezi kuzibeba kwenye mfuko wa chakula: nauli ya kwenda kliniki, malipo ya choo na bafu, kitanda cha usiku mmoja, dawa, muda wa maongezi wa kumpigia aliyemwahidi kibarua.

Vancouver, nchini Kanada, mwaka 2018 watafiti waliwapa watu 50 wasio na makazi dola 7,500 za Kanada kila mmoja, mara moja na bila masharti, wakawafuatilia mwaka mzima pamoja na wengine ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Waliopewa walipunguza siku zao za kukosa makazi kwa wastani wa siku 99, na matumizi yao ya pombe, sigara na dawa za kulevya hayakuongezeka. Washiriki walichujwa kwanza, wenye uraibu mkali au ugonjwa mzito wa akili hawakuingizwa, na kiasi kile ni kikubwa kuliko sarafu zako, kwa hiyo usiubebe utafiti huo kama ahadi kwa kila utakayempa. Kwangu unatosha kuondoa dhana kwamba asiye na nyumba hajui kupanga matumizi.

Kuhusu anayekunywa, nina la kusema kama muuguzi. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukikatiwa ghafla, unaweza kuingia degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Kuacha kunahitaji usimamizi wa daktari. Kumnyima sarafu barabarani si tiba, na usidhani umemtibu. Kama moyo wako hauridhii kutoa pesa, usitoe; mnunulie alichokitaja, hakuna ubaya. Lakini ukishatoa, imekuwa yake. Usiisindikize na mawaidha, usimpe sharti la kusali na wewe, usimdai hadithi ya maisha yake, na usimpige picha.

Iweke mkononi mwake au kwenye chombo alichokitenga, usiirushe. Noti kubwa usimpe mbele za watu, kwa sababu usiku kuna watakaomvizia. Ikunje, umpe kwa kumshika mkono.

Kwa watoto nina msimamo mwingine. Mtoto anayeomba mara nyingi ana mtu mzima mahali fulani anayekusanya alichopata, na pesa inayoingia vizuri ni sababu ya kumbakiza pale na kumtoa shuleni. Mpe chakula akile palepale, mzungumze, kisha uwape taarifa wanaohusika na ulinzi wa watoto katika eneo lako. Usimchukue mwenyewe kwenda naye popote, hata kwa nia njema.

Chakula

Hapa nia njema inapotea kuliko mahali pengine popote, ndiyo maana nitakaa kidogo.

Anza na meno. Wengi wanaolala nje wana meno yaliyooza au yaliyong’oka, na tunda gumu au karanga ni mateso kwao. Mkate laini, ndizi iliyoiva, mayai ya kuchemsha, maharage yaliyoiva vizuri, supu nzito: hivyo vinalika. Kisha fikiria atakula vipi. Hana jiko, kwa hiyo mchele na unga ni mzigo tu. Kopo la kufunguliwa kwa kifaa hataweza kulifungua, au atalifungua kwa kisu ajikate, aje kwangu. Tia kijiko, tia maji ya kunywa, tia kitu cha kufutia mikono.

Kipimo kiwe cha mlo mmoja. Hana friji, na begi lililojaa chakula linaita panya na wezi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60 hadi kiliwe. Ukipika nyumbani, pika mwisho kabisa, funga kikiwa cha moto, peleka moja kwa moja, na umwambie kimepikwa saa ngapi. Kuharisha ni adha kwa yeyote. Kwa mtu asiye na choo wala nguo ya kubadili ni balaa. Kiporo ambacho wewe mwenyewe ungekisitia, kiache.

Wapo wanaokataa chakula kilichopikwa na mtu wasiyemjua, kwa sababu wamewahi kupewa kilichochezewa makusudi. Usione ni kiburi. Kwao nunua kilichofungwa dukani, au mwende pamoja achague mwenyewe. Muulize pia kuhusu imani yake, mfungo wake, na vyakula vinavyomdhuru.

Uliza kuhusu kisukari, kwa upole: “Kuna chakula daktari amekukataza?” Mfuko uliojaa biskuti na soda humtesa mwenye kisukari, na ndio mfuko anaopewa zaidi kwa sababu ni rahisi kuubeba. Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi: aliyejichoma insulini akakosa chakula, sukari yake hushuka, akaanza kutokwa jasho, kutetemeka, kuongea maneno yasiyoeleweka na kupepesuka. Wapita njia husema amelewa. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari haraka, na hapo soda ya kawaida inafaa kabisa. Dakika 15 baadaye akiwa hajapata nafuu mpe tena, na uite msaada.

Na yule ambaye hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku 5, usimrundikie sahani. Mlo mkubwa wa ghafla, hasa wa wanga na sukari, unaweza kushusha madini ya fosfeti na potasiamu kwenye damu hadi moyo ukavurugika. Madaktari waliliona hilo kwa mateka na wafungwa waliokombolewa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia: wapo waliofariki baada ya kuanza kulishwa. Mpe kidogo kidogo, na umsaidie afike hospitali siku hiyohiyo.

Vitu vingine

Soksi. Kama ungenisikiliza jambo moja tu, beba soksi. Miguu mikavu usiku ndiyo inayoamua kama mchubuko utapona au utafika kwangu umeoza. Mpe jozi mbili, moja ya kuvaa na nyingine ya kukauka. Pedi wape wanawake kwa busara, kwenye mfuko usioonyesha kilichomo. Sabuni ndogo, tishu, mswaki, nguo ya ndani mpya. Palipo na baridi, blanketi na kitu cha kutandika chini, maana ardhi inanyonya joto la mwili. Usimwambie anywe pombe kidogo apate joto: pombe hutanua mishipa ya ngozi, akahisi joto huku mwili wake unalipoteza.

Mkitaka kutoa kwa wingi

Ulizeni kwanza sheria ya mahali, na ulizeni wanaofanya kazi hiyo tayari, ili msijazane usiku mmoja na kuacha siku nyingine tupu. Novemba 2014, huko Fort Lauderdale, Florida, nchini Marekani, mzee wa miaka 90 aliyeitwa Arnold Abbott alichukuliwa hatua na polisi kwa kugawa chakula hadharani. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na kikundi kingine, kwamba ugawaji wa chakula uliofanyika kwenye bustani ya mji huo ulilindwa na uhuru wa kujieleza. Kwingine hukumu inaweza kuwa tofauti kabisa. Chagueni siku na saa moja mkaishike, kwa sababu watu watapanga safari zao za miguu kuwafuata ninyi. Mkimaliza, okoteni kila karatasi. Uchafu mkiuacha, watakaofukuzwa eneo hilo kesho ni wao.

Akiwa hajibu

Aliyelala huhema kwa utulivu na hujigeuza. Ukimwona amelala pozi la ajabu, midomo ina rangi ya bluu, anakoroma kwa kugugumia, au baridi ni kali na ameacha kutetemeka, usipite. Hapo ruhusa ya kumwamsha ipo. Mwite kwa sauti ukiwa upande wa miguu, kisha mguse bega. Asipojibu, piga namba ya dharura. Kama anahema vizuri, mlaze ubavu, kichwa kikiwa kimeelekezwa nyuma kidogo, ili matapishi yasimzibe. Kama hahemi, au anahema kwa kutweta mara chache, anza kubonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi wafike.

Wakifika, waeleze ulichokiona na saa uliyomkuta. Halafu hakikisheni begi lake linapanda gari pamoja naye. Mara nyingi wagonjwa wangu huletwa bila mizigo yao, na ndani yake kuna dawa, kitambulisho, namba ya simu ya ndugu na karatasi ya kliniki iliyochukua wiki kadhaa kupatikana. Wahudumu wakisema hakuna nafasi, omba jina la hospitali, ulipeleke begi mwenyewe.