Ukifundisha wasaidizi wa kisheria viza za familia za Marekani, anza na undugu sio fomu

Kama unaandaa semina ya wasaidizi wa kisheria hapa Dar, iwe Mbagala au Manzese, nakuomba fomu uziache kwanza. Ukianza na I-130, fomu ya kumuombea ndugu, siku nzima inaishia kwenye kujaza, halafu anakuja mama anauliza "mwanangu ataitwa lini?" na hakuna wa kumjibu.

Andika ubaoni maswali mawili. Anayeomba ni raia wa Marekani au ana grinikadi tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu? Na anayeombewa ni nani wake? Raia anaombea mke au mume na watoto, na yeye mwenyewe akishafika miaka 21 anaombea wazazi na kaka na dada zake pia, ingawa foleni ya kaka na dada inapita miaka kumi na watu waambiwe mapema wasiuze kiwanja. Mwenye grinikadi anaombea mke au mume na watoto wasio na ndoa, basi.

Hapa usiharakishe, maana kwetu mtoto wa dada ni mwanangu, nimemlea toka chekechea na ada nalipa mimi, lakini sheria yao inamuona mpwa tu na mpwa hayumo. Kumuasili kuna masharti yake, kubwa ni kwamba kwa kawaida iwe kabla hajatimiza miaka 16. Mke wa pili naye hatambuliki wakati wa kwanza bado yupo kwenye ndoa. Ila ndugu wa baba mmoja mama tofauti anaingia, na hilo wengi hawalijui kabisa.

Kisha wape zoezi. Binti ana miaka 23, baba yake mwenye grinikadi ameshamuombea, wanasubiri. Posa inakuja, ndoa inafungwa nyumbani Tandika, shehe yupo, mashahidi wapo, pilau imeliwa, cheti bado. Ameolewa au hajaolewa?

Waache wabishane. Wengi watasema bado kwa sababu hana cheti, wakati Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu na kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi. Kwa hiyo ameolewa, na ombi la baba limekufa siku ileile, hata akiachika kesho halifufuki. Baba angepata uraia kabla ya hiyo ndoa, ombi lingehamia kundi la watoto wenye ndoa na likaendelea. Kazi yako sio kumpangia mtu lini aolewe, ila familia ilijue hili kabla ya mahari kupokelewa. Na asitokee wa kuwashauri wafiche, maana udanganyifu ukigundulika anaweza kufungiwa kuingia Marekani maisha.

Vyeti vya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, pitia haraka, angalia majina tu, Abdallah huku na Abdala kule ni usumbufu mtupu. Kipato cha mdhamini kwa kawaida kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kule.

Vishoka wataje wazi, fomu ziko bure kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, kwa hiyo anayeuza fomu anaiba. Na asubuhi ya semina yenyewe fungua tovuti ya ubalozi usome upya, masharti kwa Watanzania yanabadilika na makaratasi ya mwaka jana yanaweza kumpoteza mtu.