Kusikiliza mabadiliko ya mtandao kwenye Linux bila kupitwa

Kuuliza kila baada ya sekunde mbili kama waya umechomoka kunakula betri, na bado utachelewa kujua. Kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) iko tayari kukuarifu yenyewe kupitia soketi za netlink, yaani njia ya programu kuzungumza na kerneli. Kuifungua soketi si kazi. Kazi ni kupanga utafanya nini taarifa zikipotea, maana zitapotea.

Hatua ya 1. Fungua soketi ya AF_NETLINK, itifaki NETLINK_ROUTE, isiyosubiri (kusoma kukikosa ujumbe, hurudi papo hapo). Unapoifunga soketi kwa bind, jiunge na kikundi cha RTMGRP_LINK, kinachotangaza mabadiliko ya kadi za mtandao. Ukitaka kuona kitakachokufikia, endesha `ip monitor link` kwenye terminali, uchomoe waya.

Hatua ya 2. Ukishajiunga, ndipo uombe orodha kamili ya kadi: RTM_GETLINK yenye NLM_F_REQUEST na NLM_F_DUMP. Usigeuze mpangilio huu. Ukianza na orodha, kadi itakayozimika kabla hujajiunga hutaisikia. Ukianza kwa kujiunga, utasikia jambo lilelile mara mbili tu, na hilo halidhuru. Soma hadi NLMSG_DONE, alama ya mwisho wa orodha. Ukikuta bendera ya NLM_F_DUMP_INTR, orodha ilibadilika ikiwa inasomwa, kwa hiyo iombe upya.

Hatua ya 3. Tunza rekodi kwa ifi_index (namba ya kadi), si kwa jina, majina hubadilishwa. Taarifa ya RTM_NEWLINK haimaanishi lazima kadi mpya, huja hata hali inapobadilika tu. Bendera ya IFF_UP inasema msimamizi ameiwasha kadi. Kujua kama waya uko hai, tazama IFF_RUNNING.

Hatua ya 4 ndiyo wengi huiruka. Kerneli haimsubiri msomaji mzembe: bafa yako (foleni ya ujumbe unaosubiri kusomwa) ikijaa, inatupa ujumbe na kukurudishia kosa la ENOBUFS unaposoma kwa recvmsg. Hilo si kosa la kuandika kwenye logi na kuendelea. Maana yake ni kwamba picha uliyo nayo si ya kuaminika tena. Soma foleni yote hadi EAGAIN (hakuna kilichobaki), kwa sababu kerneli haitakuwekea taarifa mpya mpaka foleni iwe tupu, kisha rudi hatua ya 2 uombe orodha. Kuna wanaoongeza SO_RCVBUF (ukubwa wa bafa) wakadhani wamemaliza, wameahirisha tu.

Hatua ya 5. Lijaribu hilo makusudi. Isimamishe programu kwa `kill -STOP`, halafu ukiwa root (msimamizi), tengeneza kadi ya bandia na kuiwasha na kuizima mfululizo:

```
ip link add jaribio0 type dummy
while :; do
  ip link set jaribio0 up
  ip link set jaribio0 down
done
```

Iache dakika moja hivi, ikatize kwa Ctrl-C, kisha iamshe programu kwa `kill -CONT`. Lazima uione ENOBUFS, na baada yake rekodi zako zilingane na `ip link`. Zisipolingana, kagua hatua ya 4. Ukimaliza, `ip link del jaribio0`. RTM_DELLINK (taarifa kwamba kadi imeondolewa) ikifika, futa rekodi ya kadi hiyo.